Jibu: Injini ya HP 24 haitaibeba altaneta ya kVA 20

Mkuu, umeuliza kama injini yako ya dizeli ya HP 24, iliyokuwa ikisaga mahindi hapo Kibaigwa, itazungusha altaneta (mashine ya kuzalisha umeme) ya kVA 20. Usiinunue hiyo altaneta.

kVA 20 zidisha kwa 0.8 (power factor, sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) unapata kW 16. Hizo ni za kutoka kwenye nyaya. Kwa kuwa altaneta hula sehemu yake, shafti inahitaji kama kW 18.5. HP 24 ni karibu kW 18 tu, tena soma kibao cha injini: mara nyingi nguvu hiyo hutolewa kwa mizunguko 2,200 kwa dakika. Ukiifunga moja kwa moja kwa kaplini (kiungo cha shafti kwa shafti) kwenye altaneta ya poli nne (ncha nne za sumaku), lazima ikimbie 1,500 ili upate 50 Hz (masafa ya umeme wetu), na hapo inabaki na HP 16 hivi.

Halafu kuna mwinuko. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 10. Mimi nililipuuza hilo. Taa zilififia kila mota ya kukamulia alizeti ilipowashwa, bomba likatema moshi mweusi tii, na gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) ikawa inahema, kasi ikipanda na kushuka.

Chukua ya kVA 10, uendeshe kwa mikanda: puli ya inchi 6 kwenye injini, ya inchi 8.8 kwenye altaneta, ili injini ikimbie 2,200 na altaneta 1,500. Kisha rekebisha gavana ukiwa na mita ya Hz mkononi, bila mzigo isome 52 hivi.