Ubeti wa ukutani umezua ugomvi

*Shangazi, shikamoo. Tumepanga Mwanga, Kigoma. Katika tamthilia ninayoipenda kuna rubani ambaye nyumbani kwake shairi limeandikwa ukutani kwa rangi. Nami nikaandika langu sebuleni, kwa rangi ya mafuta nyeusi, mume akiwa safarini. Linamlilia marehemu mama yangu, ila sikumtaja; linaishia "umeniacha na nani". Mume kauliza ni mwanaume gani huyo. Mwenye nyumba kanuna. Herufi nazo zinabanduka. Nifute? – Mpenda Beti*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mama.

Usifute kwanza. Mume wako kalisoma shairi kama anavyosoma jina la kanga: akatafuta anayesemwa. Nawe ulimwachia nafasi ya kubuni. Msomee ubeti wote, umwambie uliutunga lini na ulikuwa unamkumbukaje mama. Kisha ingiza neno "mama" kwenye ukwapi (nusu ya kwanza) wa mshororo wa mwisho. Mizani, yaani silabi, ibaki 8; kina cha kati, silabi inayofunga ukwapi, kisivunjike. Utao, nusu ya pili, hauguswi. Mgeni akiingia, hataulizia tena.

Kwa mwenye nyumba nendeni wawili, muandikiane kwamba siku ya kuhama mtaurudisha ukuta kwenye rangi yake.

Sasa ukuta wenyewe. Pitisha kiganja. Kikitoka na unga mweupe, chini kuna chokaa: rangi imeshika unga, haikushika ukuta, na chokaa hula mafuta ya rangi. Kwangua kwa skrepa hadi kwenye plasta, futa kwa sponji yenye maji, acha ukauke. Halafu bandika kipande cha nailoni, sentimita 30 kwa 30, kingo zote nne kwa selotepu, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unavuta maji, na hakuna rangi itakayokaa mpaka chanzo kizibwe. Kama ni masika, subiri Juni.

Ukishakauka, paka andakoti (rangi ya kutangulia), kisha rangi ya maji mikono miwili, yaani mara mbili. Herufi nazo ziwe za rangi ya maji. Nakusisitizia hilo kwa sababu wewe ni mpangaji: herufi za mafuta lazima zipigwe msasa kabla ya kufunikwa, la sivyo rangi mpya huteleza juu yake na umbo la herufi hubaki likionekana.

Mshororo wa mizani 16 una herufi kama 40, pamoja na nafasi. Ukuta wa mita 3, ukiacha sentimita 20 kila upande, unabaki na sentimita 260. Kila herufi inapata 6 na nusu. Usipopima, utao utakuja kubanana pembeni. Andika kwa penseli kwanza, ukianzia katikati, ukwapi kushoto na utao kulia. Mistari usiifuate dari, mara nyingi imepinda. Tumia pima maji na uzi uliopakwa unga wa chaki. Uzi huo hushikwa na watu wawili. Ncha moja mpe mume wako.