Mtoto wa mbwa anaharisha kwa nyama mbichi? Anza kwa kuhesabu bandama

Shaba alipofika kwangu Kimara alikuwa na wiki tisa na kilo saba kasoro kidogo, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa mtaani. Aliyeniuzia alikuwa akimlisha ugali wa dona na dagaa. Mimi nilishajijaza kichwa habari za kulisha mbwa nyama mbichi, nikaukata ugali siku ile ile. Siku ya tatu choo kilikuwa uji. Siku ya tano kilikuwa uji mweusi, unanuka hadi kwa jirani, na mimi saa kumi alfajiri niko barazani na dekio.

Kosa la kwanza mmeshaliona. Tumbo lililozoea dona haligeuzwi kwa usiku mmoja. Siku saba hadi kumi zinatosha: robo ya chakula iwe kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, na kila hatua unasubiri choo kikae sawa ndipo uendelee. Lakini hilo lingekuwa peke yake, lingepita lenyewe baada ya wiki. Halikupita.

Kabla sijafika kwenye chakula, niseme jambo ambalo nilitakiwa kuambiwa mapema. Mtoto wa mbwa anayeharisha huku akicheza na kudai chakula ni habari moja. Anayeharisha huku ametapika, amegoma kula, choo kina damu, fizi zimepauka, au ukivuta ngozi ya shingoni inachelewa kurudi, huyo ni habari nyingine kabisa. Hasa kama hajamaliza chanjo, inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, na parvo huua kwa siku chache. Hapo usihangaike na mizani ya nyama, mchukue uende kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Shaba alikuwa wa kundi la kwanza, anaharisha na bado anararua ndala zangu. Hata hivyo nilipeleka choo chake kwenye kikopo safi, kikapimwa kwa darubini, yakaonekana mayai ya minyoo. Akapewa dawa, na nikapangiwa tarehe za kurudia, maana watoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo mara kwa mara hadi wafike miezi sita. Daktari aliniuliza kama nimempa dawa yoyote nyumbani. Nikakiri: nusu kidonge cha Flagyl, kwa ushauri wa jirani. Nilisemwa kama mtoto wa shule, na nilistahili. Dawa ya aina hiyo huvuruga vijidudu vyema vya tumboni na inaweza kuficha tatizo lenyewe, achilia mbali kwamba kipimo nilikikisia tu.

Minyoo ikatoka. Choo kikapungua maji, lakini kikabaki laini na cheusi, kama ugali uliokosa unga. Ndipo nikanunua daftari na mizani ndogo ya jikoni. Ukiniuliza kilichomponya Shaba nitakwambia ni hiyo mizani.

Siku ya kwanza ya kupima nikagundua namlisha zaidi ya kilo moja kwa siku. Mtoto wa mbwa wa umri ule huhitaji kama asilimia 8 hadi 10 ya uzito wake, yaani kwa Shaba gramu 550 hadi 700 hivi, zigawanywe mara tatu au nne. Kujaza tumbo kupita kiasi peke yake huharisha. Nilikuwa namwonea huruma kwa sababu kila akimaliza bakuli ananitazama. Sasa najua angenitazama vile hata baada ya kula ng'ombe mzima.

Kisha nikaitazama nyama yenyewe. Buchani kwangu kuna mfuko unaoitwa "nyama ya mbwa": vipande vya mapupu, mafuta ya kukatiwa pembeni, na vipande vyekundu vilivyokolea, vyororo, ambavyo nilidhani ni nyama tu. Siku hiyo nikamuuliza muuzaji. "Hilo bandama, dada. Mbwa wanalipenda balaa." Nikalitenga, nikalipima. Karibu theluthi ya mfuko.

Wanaolisha mbichi huwa na kanuni ya kuanzia: asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 10 viungo vya ndani, na nusu ya hivyo viungo iwe ini. Ugumu uko kwenye neno "viungo". Moyo na firigisi huhesabiwa nyama, kwa sababu ni misuli. Mapupu pia huwekwa upande wa nyama. Ini, figo na bandama ndivyo vya ile asilimia 10. Vina madini na vitamini nyingi, na bandama limejaa damu, kwa hiyo likizidi choo kinakuwa cheusi na kinamwagika. Mimi nilikuwa namwekea bandama mara sita ya linalotakiwa, halafu juu yake naongeza ini la kuku "kwa ajili ya afya". Ongeza na yale mafuta, ambayo tumbo changa huyashindwa, na mfupa kidogo mno wa kukaza choo. Mbwa wa watu angefanyaje?

Nikafuta yote, nikaanza upya na mnyama mmoja tu: kuku, kwa kuwa ndiye rahisi kumpata na mifupa yake ni laini ikiwa mibichi. (Ikipikwa hupasuka vipande vikali; mfupa uliopikwa haumhusu mbwa, hata akulilie.) Ngozi niliitoa yote kwa sababu ya mafuta. Hakuna ini, hakuna bandama, hakuna yai. Siku ya pili choo kilishikika. Siku ya tatu nilikiokota kwa karatasi bila kuacha alama sakafuni, na nilimpigia simu dada yangu kumpa habari. Hakuelewa kwa nini.

Furaha ikanilevya. Nikaona kama shingo za kuku zimefanya kazi, basi shingo zaidi. Shingo iliyotolewa ngozi ni mfupa kuliko nyama, na vichwa na miguu navyo ni hivyo hivyo. Siku ya saba Shaba alikuwa anajikamua bustanini, anatoa vipande vyeupe vinavyopukutika kama chaki. Hiyo ni ishara ya mfupa kuzidi, na si jambo dogo, unaweza kumfungia tumbo kabisa. Nikapunguza shingo, nikaongeza mnofu, kesho yake akapata nafuu.

Kuanzia hapo sikubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Kitu kimoja, siku nne au tano, naandika, ndipo kingine. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ilikubali. Moyo ulikubali ukiwa kidogo. Ini nilianza na kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Bandama nililiogopa wiki tatu, kisha nikalirudisha kwa gramu 5, nikapanda pole pole. Chakula chake cha siku kilipotulia, akiwa bado wa kilo saba, kilikuwa hivi: gramu 180 za mgongo wa kuku, ambao karibu nusu yake ni mfupa; gramu 360 za mnofu wa ng'ombe pamoja na firigisi na moyo; gramu 30 za ini na 30 za bandama. Choo kikilegea natupia kijiko kimoja cha boga lililochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala sukari. Boga linasaidia kweli, ila likigeuka kuwa la kila siku ujue kuna kitu hujakitafuta.

Jirani yule yule wa Flagyl alinishauri nimwekee chokaa ya mifugo ili mifupa iwe imara. Kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa hilo ni baya. Mwili wake mchanga haujui kuikataa kalsiamu iliyozidi, na miguu inaweza kukua vibaya. Anayekula mifupa kwa kipimo ameshapata. Asiyekula mifupa kabisa naye ana tatizo lake, mnofu mtupu unampunguzia kalsiamu, kwa hiyo mwenye kutaka kulisha hivi muda mrefu amwonyeshe daktari orodha yake ya chakula. Mimi yangu ilisahihishwa mara mbili, na samaki wakaongezwa.

Kuhusu mapupu nina msimamo ambao wenzangu wa "mbichi tu" hawaupendi: nayachemsha hadi yaive. Mapupu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yanaweza kuwa na malengelenge ya maji, ambayo ni hatua moja ya mnyoo Echinococcus. Mbwa akiyala mabichi, mnyoo humkomalia utumboni, mayai yakatoka na choo, na mtu akiyameza yanamwotea uvimbe kwenye ini au mapafu. Turkana na kwa Wamasai ugonjwa huu unajulikana vizuri kuliko wanavyotamani. Nyama nanunua yenye mhuri wa mkaguzi, na nikiona lengelenge kipande chote nakitupa shimoni mbwa yeyote asikofika.

Friji nalo lina mambo yake. Kugandisha hakuui bakteria wa salmonela, kunawalaza tu, na umeme ukikatika nusu siku nyama imeshayeyuka. Wiki moja choo kiliharibika nikaanza kulilaumu ini, kumbe mfuko ulikuwa umeyeyuka na kuganda tena. Sasa nafunga vifungu vya siku moja moja, kilichoyeyuka hakirudi, bakuli linaoshwa kwa sabuni baada ya kila mlo, na mwanangu haruhusiwi kulambwa usoni Shaba akitoka kula.

Shaba ana miezi saba sasa, kilo 24, anakula kilo moja na gramu mia mbili kwa milo miwili. Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni, na mjomba, kwa mapenzi yake, alimrushia ngozi za kuku watatu wazima. Jumatatu saa kumi alfajiri nilikuwa barazani na dekio. Nikamrukisha mlo wa asubuhi, mchana nikampa kuku asiye na ngozi na kijiko cha boga, nikaandika kwenye daftari: "Mjomba."