Jibu: Vipimo sifuri, mwani umejaa

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: kwenye tangi lako la matumbawe la maji ya chumvi, nitrati inasoma 0, fosfati 0, lakini mwani wa nywele umefunika mawe, na kubadilisha maji mara tatu hakujasaidia.

Hiyo sifuri isikudanganye. Mwani unakula virutubisho kabla hujavipima, kwa hiyo kipimo kinakuonyesha mabaki tu. Mimi nilikwama hapo hapo, nikazidisha dawa ya kuondoa fosfati. Mwani ulipungua, matumbawe yakapauka, kisha ukaja utando wa kahawia wenye mapovu: dinoflajelati, viumbe vidogo vya seli moja. Afadhali mwani mara mia.

Kagua kwanza maji unayoongezea. Yakitoka kwenye chujio, kipima TDS (kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Yangu yalisoma 14, kumbe resini ya chujio, ile inayonasa vitu hivyo, imekwisha nguvu zamani.

Halafu ng'oa kwa mkono. Toa jiwe, lisugue kwa mswaki ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lako, urudishe. Inachosha, lakini kila konzi unayotupa imeondoka na virutubisho vyake. Konokono watamalizia mabaki mafupi. Ule mrefu wengi hawaugusi. Chakula cha samaki cha kugandishwa kiyeyushe kwanza, maji yake yenye virutubisho umwage.

Usiifukuzie sifuri. Kwangu nitrati naiacha 5 hadi 10 mg/l, fosfati 0.03 hadi 0.1, na matumbawe yana rangi.

Taa hujasema zinawaka kwa muda wa saa ngapi kwa siku. Zikizidi saa 10, shusha hadi 8. Tupia na picha ya mawe.