Chupa ipi ya damu kwa kipimo kipi

Rangi ya kifuniko cha chupa ya damu hukujulisha dawa iliyomo ndani, na dawa hiyo ndiyo huamua ni majibu gani yatakayoaminika. Katika miaka yangu ya maabara, chupa iliyotusumbua kuliko zote ni ya zambarau. Ina EDTA, ambayo huikamata kalsiamu ili damu isigande, kwa hiyo inafaa sana kwa picha kamili ya damu lakini haifai kabisa kwa kupima madini kama potasiamu na kalsiamu. Hata hivyo wapo ambao, wakiona chupa nyekundu haijajaa, huiongezea damu kutoka kwenye ya zambarau. Sampuli moja ya namna hiyo ilitufikia kutoka wodini ikiwa na potasiamu ya milimoli 9 kwa lita, kiwango cha kusimamisha moyo, na kalsiamu karibu haipo, ilhali mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji. Potasiamu ile ilitoka kwenye chumvi ya EDTA. Ukiona majibu yanayoambatana hivyo, omba damu mpya kabla ya kuandika dawa.

Ili dawa ya chupa moja isiingie kwenye inayofuata na kuharibu majibu namna hiyo, unapojaza chupa kadhaa kwa mchomo mmoja, unaanza na za kuotesha bakteria, ikifuata bluu, kisha nyekundu au njano, kijani, zambarau, na mwisho kijivu.

Nyekundu na njano ni za ini, figo na homoni. Ziache kama nusu saa damu igande. Kijani, yenye heparini inayozuia damu kuganda, husaidia pale majibu ya kemia yanapohitajika haraka.

Kijivu hudharauliwa bila haki. Chembe za damu huendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya chupa, na sampuli iliyosahaulika mezani wakati wa joto inaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari aonekane mzima. Floridi iliyomo huzuia ulaji huo, ingawa si papo hapo, hivyo ifikishe maabara mapema. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, ijapokuwa nayo ni ya kisukari, huwekwa kwenye zambarau.

Bluu, ya kupima kuganda kwa damu, haina msamaha: sehemu 1 ya sitrati, dawa inayozuia damu kuganda, kwa sehemu 9 za damu. Damu isipofika kwenye mstari, sitrati huzidi na damu huonekana inachelewa kuganda, hata kama mgonjwa hana tatizo lolote. Mimi huikataa, hata anayeileta akinuna.