Karatasi mbili, jicho moja

SWALI: Kliniki ilinipima jicho la kulia ikaandika SPH -2.25, CYL +1.50, AXIS 80, nikaambiwa nina astigmatizimu. Duka la miwani huku mjini likanipima tena: SPH -0.75, CYL -1.50, AXIS 170. Naona duka limenipunguzia nguvu. Nifuate ipi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Yoyote kati ya hizo, dada. Ni kipimo kile kile, mitindo ya kuandika tu ndiyo miwili. Chukua kalamu uhakikishe. Jumlisha SPH na CYL ya kliniki: -2.25 na +1.50 ni -0.75. Geuza alama ya CYL, iwe -1.50. Kisha ongeza 90 kwenye AXIS, upate 170. (AXIS ikiwa imeshapita 90, unatoa badala ya kuongeza.) Balaa huja mtu anaponakili SPH ya karatasi hii na CYL ya ile, hapo lenzi si yako tena.

SPH husahihisha jicho pande zote sawa. CYL ni nguvu ya upande mmoja tu, kwa kuwa konea yako (utando angavu wa mbele ya jicho) imejipinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama embe, si chungwa. Hiyo ndiyo astigmatizimu. AXIS si nguvu. Inaonyesha lenzi ielekee wapi, kuanzia nyuzi 1 hadi 180. 180 ni mlalo, 90 ni wima.

Hiyo AXIS ndiyo ya kuikazia macho. Kwa CYL yako ya 1.50, lenzi ikikaa kombo nyuzi 10 tu, takriban nusu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) ya astigmatizimu inabaki bila kusahihishwa. Ikienda kombo nyuzi 30, ni kama hukuvaa CYL kabisa. Fremu za duara ndizo sumbufu zaidi: skrubu ikilegea, lenzi inazunguka kidogo kidogo kila unapoifuta, na wewe huoni kitu.

Jaribu hivi: ziba jicho la kushoto, tazama maandishi ya mbali, kisha inamisha miwani kidogo kulia na kushoto usoni. Herufi zikikolea ikiwa imeinama kuliko ilivyokaa, irudishe dukani waipime kwenye lensometa (mashine ya kupima lenzi) mbele yako, wakilinganisha na karatasi.

Na usikubali waandike AXIS kwa kile kiduara cha nyuzi (°). 18 ikiwekewa kiduara husomeka 180. Waandike tarakimu tatu: 018.

Sakafu kuonekana imeinama siku za mwanzo ni kawaida. Ikipita wiki mbili bado imeinama, rudi ukapimwe upya.