Chenga kwenye picha za ukumbini: tatizo siyo ISO kubwa

Mkuu, umesema picha zako za sendofu zimejaa chenga, vile vidoa vidogo kama mchanga, na hauelewi kwa nini wakati ISO (ile namba ya kamera ya kukuza mwanga ulioingia) uliishikilia 400 usiku kucha. Nimecheka kidogo, maana nimepita humohumo.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa sendofu kwenye ukumbi mmoja Mbezi, na kamera ya Canon 600D ya mtumba yenye lenzi yake ya 18-55. Jamaa mmoja alikuwa ameniambia ISO ikizidi 800 picha imekwisha, nikalishika hilo kama amri. Picha zikatoka na giza, nikajipa moyo kwamba nitaziangaza kwenye kompyuta. Kuziangaza tu, nyuso zikajaa vidoa vya zambarau na kijani. Mama wa binti alivuta picha moja kwa vidole viwili kwenye simu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba, huu upele mwanangu kaupata wapi?"

Chenga zinaletwa na uhaba wa mwanga. ISO haiongezi mwanga wowote, inakuza kile kidogo kilichoingia, kama redio iliyoshika stesheni kwa taabu: ukipandisha sauti, mkwaruzo nao unapanda. Lakini ukiiacha picha gizani halafu ukaivuta nyumbani, kwa kamera za zamani unavuta pamoja na uchafu ulioongezwa na saketi za kamera yenyewe. Ndiyo maana picha ya ISO 3200 iliyopata mwanga wake sawasawa inatoka safi kuliko ya ISO 400 iliyoangazwa mara nane baadaye. Kamera nyingi mpya tofauti hiyo ni ndogo. Sisi wa mtumba tunaiona.

Halafu kuna mtego wa kumbi zetu. Gauni jeupe, pazia jeupe, mpaka viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Kamera inapima ule weupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Anayeumia ni bi harusi mwenye ngozi nyeusi, uso unazama kwenye giza, na gizani ndiko chenga zinakokaa. Nikikuta jukwaa la namna hiyo napeleka kile kipimo cha kujumlisha na kutoa kwenye +1, nauangalia uso. Pazia likiungua kwa weupe, shauri yake, hakuna aliyenilipa nipige pazia.

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua lenzi ya 50mm f/1.8 (f ni tundu la lenzi, namba ikipungua tundu linapanuka), wala usikimbilie kubadili kamera. Hiyo 18-55 ukiivuta hadi 55 inaishia f/5.6. Ukifungua f/1.8 unaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, yaani palipodai ISO 3200 sasa panatosha na 320 hivi. Mimi nilikopa kuinunua. Ubaya wake, ukiifungua yote jicho moja linakuwa kali na la pili lina ukungu, kwa hiyo wakiwa wawili wapange usawa mmoja na ubane hadi f/2.8.

Shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, usiishushe ovyo. 1/125 ya sekunde inatosha binti akiingia kwa madaha, wakianza kucheza nenda 1/250 na ISO iende inakotaka. Chenga zinavumilika, uso uliotikisika hauna dawa. Ukiona mistari ya giza inakatiza picha, hizo ni taa za LED za bei rahisi: umeme wetu ni wa 50Hz, zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka 1/100 kamili, mara nyingi mistari inaondoka.

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na programu ya kusafisha chenga iguse kwa kiasi, ukizidisha watu wanakuwa masanamu ya nta. Wala usijitese kuzikagua zikiwa zimekuzwa asilimia 100, nyingi zinaenda WhatsApp, zikipunguzwa ukubwa, chenga hazionekani.

Flashi ielekeze juu kama dari ni jeupe. Dari likiwa na vitambaa vya zambarau achana nalo, utawapaka wageni wote rangi. Hapo mkombozi ni mtu wa video, kwa sababu ana taa kubwa na anamfuata bi harusi kila hatua. Kaa ubavuni kwake, usimkatize mbele. Mimi namnunulia soda mapema, kabla MC hajashika maiki.