Ukitoa MP3 kwenye wimbo halisi, mabaki yanakudanganya

Mkuu, umeuliza kwa nini ulipotoa MP3 kwenye WAV yake (yaani kupunguza kwa hesabu faili iliyobanwa kutoka kwenye faili halisi isiyobanwa, ili usikie tofauti) ulibaki na kelele nyingi, hadi maneno ya wimbo yanatambulika, na kama hicho ndicho kilichopotea. Nachanganya muziki na jaribio hilo nalifanya mara kwa mara. Kwanza hakikisha faili zimelingana sampuli kwa sampuli, yaani kila kipimo kidogo cha sauti kikae sambamba na mwenzake. Enkoda, programu inayobana wimbo kuwa MP3, huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo pekee unatosha kukuletea mabaki makubwa.

Watu husema MP3 inafuta tusichokisikia. Inafuta kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kukadiria: inagawa sauti katika vipande 576 vya masafa (kutoka sauti nene hadi nyembamba), kisha namba za kila kipande zinaandikwa kwa usahihi mdogo. Kila biti unayoipunguza kwenye namba inapandisha kelele kwa desibeli 6 hivi. Ukishuka kutoka kilobiti 1411 kwa sekunde za CD hadi 128, kelele haiepukiki. Swali ni iwekwe wapi.

Sikio lina makali zaidi kati ya kHz 2 na 5. Halafu, na hili ndilo lenye uzito, sauti yenye nguvu huifunika dhaifu iliyo jirani nayo kimasafa, na hufunika zaidi kuelekea juu kuliko kuelekea chini. Enkoda nzuri hujaza kelele pale penye kifuniko: mwimbaji akipaza sauti, kelele inaongezeka palepale alipo, akinyamaza, inapungua. Ndiyo maana mabaki yako yanafanana na wimbo. Umeyasikiliza bila wimbo uliokuwa umeyafunika!

Jaribu hivi: pima nguvu ya mabaki hayo, kisha ongeza kelele nyeupe (mvumo uliosambaa sawasawa katika masafa yote) ya nguvu ileile kwenye WAV. Mara nyingi utaisikia ikivuma papo hapo, hasa sehemu tulivu, ilhali MP3 yenyewe inapita bila kuistukia.

Ukitaka kuikamata MP3, tafuta kastaneti (vibao vidogo vya kugonganisha mkononi) au makofi makavu. Fremu, yaani kipande kimoja cha MP3, yenye sampuli 1152 ni kama milisekunde 26, na kelele husambaa hata kabla ya pigo, wakati sikio hufunikwa milisekunde chache tu kabla yake. Enkoda makini hubadili na kutumia madirisha mafupi, yaani vipande vifupi zaidi vya muda, ili kelele isitangulie mbali. Iliyozembea hutoa mchakacho mdogo unaotangulia kila kofi.